Saini ya pili

Jumanne moja ya Machi 2024, saa nne kasoro asubuhi, katibu wa kikundi kimoja cha Temeke, kinachowasaidia watumiaji wa dawa za kulevya kupata matibabu, alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya benki. Mkononi alikuwa na hundi ya kodi ya ofisi, miezi sita, na mwenye nyumba alishasema neno lake la mwisho tangu Ijumaa. Hundi ilihitaji saini mbili. Yake ilikuwepo. Ya pili ilikuwa ya mweka hazina, na simu ya mweka hazina ilikuwa haipatikani tangu Jumamosi.

"Kaka, nifanyeje? Dirishani wananitazama."

Nikamwambia arudi ofisini. Wote wawili tulishajua kilichotokea, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Alhamisi waelimishaji rika wa kikundi chenyewe, ambao kazi yao ni kuzunguka maskani, vijiwe vya watumiaji, kutafuta watu, walimkuta nyuma ya gereji moja, amejikunyata juu ya boksi lililopasuliwa. Alikuwa msafi kwa miaka mitatu na miezi minne. Alikuwa amerudi kwenye unga, yaani heroini.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ya mshahara iko kwingine. Kwa kikundi hiki nilikuwa nakwenda Jumamosi kupitia vitabu vya hesabu, kwa kujitolea. Jina la kikundi nalihifadhi, na alama za watu na mtaa nimezibadilisha, maana wengi wanaishi palepale na wana watoto shuleni.

Watu tisa

Kikundi kilianza 2016 na watu tisa. Sita walikuwa wametoka kwenye nyumba za upataji nafuu, sobahausi kama wanavyoziita wenyewe. Watatu hawakuwahi kugusa dawa za kulevya: mama mmoja aliyezika mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, na nesi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Wakajisajili manispaa kama kikundi cha kijamii, miaka miwili baadaye wakapanda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Cheti kilitundikwa ukutani juu ya friji isiyofanya kazi.

Ili kuona kwa nini kikundi kidogo namna hii kina uzito, lazima ujue mlango wa methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, ukoje. Tanzania ilianza kutoa methadoni hospitali ya umma Februari 2011, Muhimbili, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Dawa haiuzwi. Lakini mtu aliye maskani hajiamkii tu akaenda kupanga foleni hospitali. Anatakiwa kwanza apatikane, aamini kwamba hapelekwi polisi, aandaliwe kwa vikao, na ndugu yake hata mmoja ajue. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa vikundi. Akishaanza, anakwenda kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudia dozi ileile, inabidi aanzie chini tena. Kwa hiyo asipoonekana siku mbili, kuna mtu wa kikundi anamfuata nyumbani.

Sista ana miaka thelathini ya wodini, lakini hawezi kuingia maskani saa mbili usiku na kukaa. Teja wa zamani anaweza. Anajua kusalimia, anajua nani ni pusha, muuzaji, na nani ni mgonjwa tu, anajua kwamba mtu aliyeshikwa na arosto, maumivu ya kukosa dawa, hahutubiwi. Anapewa maji na kusubiriwa. Ujuzi huo hausomewi. Ndiyo mtaji wa kikundi. Na mtaji huohuo ndio uliotufikisha kwenye foleni ya benki na hundi yenye saini moja, kwa sababu uraibu ni ugonjwa unaorudi, na kikundi kilichojengwa na watu waliopona kimejengwa juu ya watu ambao baadhi yao watarudi kuugua. Hilo halikuwa siri kwa yeyote pale. Ila hakukuwa na mstari hata mmoja kwenye katiba ya kikundi, kurasa kumi na saba, uliolitaja.

Kuimarishwa

Nilipoanza kwenda pale nilikuta faili la vyeti. Katika miaka miwili kikundi kilikuwa "kimeimarishwa" mara tano: kuandika andiko la mradi, ufuatiliaji na tathmini, utawala bora, mpango mkakati, na tena kuandika andiko la mradi, safari hii siku tatu hotelini Morogoro. Sidharau semina, mimi mwenyewe nimewahi kualikwa kufundisha, na nikapokea posho yangu. Lakini katika semina zote hizo hakuna aliyeuliza swali moja la kawaida kabisa kwa kikundi cha aina hii: mweka hazina akianguka, nani anaamka asubuhi kwenda benki?

Fedha zilikuwa zinatoka kwa shirika kubwa, nalo lilikuwa linazipata kutoka kwa mfadhili wa nje. Bajeti ililipa nauli za waelimishaji rika, chakula cha vikao, fulana, mabango. Kodi ya ofisi iliwekwa kwenye "gharama za utawala", na gharama za utawala zilikuwa na ukomo ambao haukufika hata nusu ya kodi. Zilizobaki zilitoka wapi? Kila mwisho wa mwezi waelimishaji rika walikuwa wanakatwa kidogo kwenye posho zao, kwa hiari ambayo haikuwa hiari sana. Wanalipwa nauli na mradi, halafu wanatembea kwa miguu ili mradi uwe na paa.

Kisha suala la risiti. Shirika lilitaka risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila matumizi. Mama ntilie aliyekuwa akipika wali maharage wa vikao hana mashine. Bodaboda hana mashine. Kwa hiyo katibu alikuwa na mazoea ya kupita kwa mwenye duka mmoja rafiki, ambaye anampa risiti halali kabisa ya vitu ambavyo havikununuliwa, kwa kiasi kilekile alichopewa mama ntilie. Wali ulilika, fedha hazikuibwa, na karatasi ilikuwa ya uongo. Nililiona hilo wiki ya kwanza nikanyamaza wiki tatu, nikijua kwamba nikilisema ni lazima nije na jibu. Watu sita waliotumia miaka kujifunza kusema kweli, kwa sababu kupona kwenyewe kunaanzia hapo, mradi ulikuwa unawarudisha kwenye kutunga. Hatimaye tuliliandikia shirika barua kuomba fomu ya malipo yasiyo na risiti, yenye sahihi na namba ya simu ya mlipwaji. Wakakubali ndani ya siku nne. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameomba.

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kila redio ilisema, na ilistahili kusemwa. Siku hizohizo ofisini kwetu mjadala ulikuwa kama tununue karatasi za printa au tumlipe mlinzi.

Boksi la viatu

Turudi Machi. Mweka hazina alipopatikana, Sista alikwenda kukaa naye kwa mwanamke mmoja jirani, na sisi tukafungua kabati. Ndani kulikuwa na kaunta buku ya kwaya tatu na boksi la viatu. Kaunta buku iliandikwa vizuri ajabu hadi tarehe 2 Februari: tarehe, maelezo, kiingiacho, kitokacho, baki, mistari imepigwa kwa rula. Kuanzia hapo mwandiko unapanuka, unaegemea upande, halafu kurasa nyeupe. Boksini mlikuwa na risiti, stakabadhi mbili za masurufu, fedha za kutumia kwanza kisha kutolea hesabu, ambazo hazikurejeshwa, na kadi ya kliniki ya mtoto wake.

Masurufu hayo mawili yalikuwa jumla ya shilingi 380,000. Hiyo ndiyo hasara yote. Nilipiga hesabu mara tatu kwa sababu nilitarajia kubwa zaidi, nakiri.

Jioni ile kilikaliwa kikao ambacho sitakisahau. Mwenyekiti alitaka polisi: fedha ni za wafadhili, tukificha tumekwisha. Wawili walitaka iwe siri kabisa: mtaa ukisikia, kila mtu atasema si tuliwaambia, teja ni teja tu. Mama aliyezika mwanawe hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huyu angekuwa ameanguka kwa sukari, nani angeita polisi?" Mwenyekiti akamjibu kwa heshima, lakini kwa ukali, kwamba sukari haichukui masurufu. Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana kikao kilifika saa nne usiku.

Kilichokata mjadala ni Sista, kwa hoja ya kitabibu. Mtu aliyekaa miaka bila heroini, mwili wake umesahau kuihimili. Akirudi na kiasi alichokuwa anatumia zamani, anaweza kuacha kupumua usiku huohuo. Wiki zile sita ambazo mweka hazina alikuwa anaficha, sisi tukiona mwandiko umebadilika na hakuna anayeuliza, ndizo zilikuwa hatari kuliko zote. Kanuni inayomfanya mtu aogope kusema "nimeteleza" inaweza kumuua. Kwa hiyo usiri haufai, na polisi kama jibu la kwanza nako hakufai, kwa sababu kesho yake wengine watano watajifunza kuficha vizuri zaidi.

Shirika tuliliambia ukweli wote kwa barua ya ukurasa mmoja, pamoja na mpango wa kurejesha zile 380,000 kwa mafungu. Walikasirika. Wakasimamisha fungu moja la fedha, wakatuma mkaguzi. Mkaguzi alikaa siku mbili, akaondoka na nakala ya kaunta buku, na fungu likaachiwa baada ya wiki saba. Kodi ilikuwa imelipwa na mwalimu kutoka kwenye mkopo wake wa SACCOS, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo na nilimwambia. Kikundi kinachookolewa na mfuko wa mtu mmoja kimehamisha tu tatizo.

Benki nayo ina mambo yake. Kubadili watia saini kulihitaji muhtasari wa kikao uliosainiwa na wajumbe, barua ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, picha, vitambulisho, na yule anayeondolewa atajwe. Siku kumi na tisa. Ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili linatakiwa kufanywa siku ambayo hakuna anayeumwa.

Ukurasa mmoja

Tulichoandika baada ya hapo ni ukurasa mmoja, ulioambatishwa kwenye katiba. Watia saini wanne, wowote wawili. Kila cheo kina naibu anayejua funguo ziko wapi. Fedha taslimu ofisini zisizidi shilingi 50,000, nyingine zote zipite kwenye lipa namba ya kikundi, ambako kila muamala unaonekana. Na kipengele cha sita, kilichochukua Jumamosi tatu: mwanachama anayerudi kwenye matumizi anahesabiwa mgonjwa, siku hiyohiyo anakabidhi funguo, simu ya ofisi na saini, hafukuzwi, hatangazwi, anasindikizwa kwenye matibabu, akirudi anapewa kazi, ila hashiki fedha kwa mwaka mmoja.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye rasimu ya kwanza, ambayo niliiandika mimi, na ambayo ilitaka mmoja wa watia saini wawili awe mtu asiyewahi kutumia. Kwangu ilikuwa akili ya kawaida ya uhasibu. Katibu, ambaye ana miaka sita ya usafi, aliisoma, akaikunja mara mbili, akaniwekea mbele yangu.

"Kwa hiyo bosi, sisi ni wa kuzunguka maskani, nyie ni wa kwenda benki."

Sikuwa na jibu. Tukaifuta. Badala yake kanuni ikawa hakuna mtu, yeyote, anayeshika fedha peke yake: si teja wa zamani, si mwalimu, si Sista, si mimi. Na kusema kweli ni kanuni bora zaidi, kwa sababu katika mashirika madogo niliyopitia, wizi mkubwa nimeuona kwa watu ambao hawajawahi kuvuta hata sigara.

Shuleni

Kuna jambo jingine ambalo ukaguzi ule uliliibua kwa bahati. Kikundi kilikuwa kinaendesha shughuli za kinga mashuleni, na kinga mashuleni ilikuwa na sura moja: mtu anasimama mbele ya wanafunzi mia tatu, anasimulia alivyoanza, alivyoiba televisheni ya mama yake, alivyolala mtaroni, alivyopona. Wanafunzi kimya, walimu wanafuta machozi, mpiga picha anafanya kazi yake. Wafadhili walizipenda sana picha hizo.

Nilihudhuria mara moja. Mkono wa kwanza ulionyooshwa ulikuwa wa kijana wa darasa la saba: "Hela ya kununua kila siku ulikuwa unapata wapi?" Msimuliaji akajibu kwa uaminifu, akataja mbinu tatu. Nyuma yangu wavulana wawili walikuwa wanatazamana kwa namna ambayo haikuwa ya huzuni.

Viwango vya kimataifa vya kinga dhidi ya matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, WHO, toleo la pili mwaka 2018, vinaziweka hotuba za upande mmoja na shuhuda za waliowahi kutumia miongoni mwa njia zinazoendana na kutofanikiwa, au hata na madhara. Kinachopewa nafasi ni vitu visivyopendeza kwenye picha: vipindi vidogo vidogo vya kujadiliana vinavyorudiwa kwa wiki kadhaa, stadi za kuhimili shinikizo la wenzao, na wazazi kufundishwa namna ya kusikiliza na kuweka mipaka nyumbani. Mwalimu wetu alikuwa analijua hili muda wote. Hakuwahi kuulizwa.

Kuacha shuhuda kuliwauma waliokuwa wakizitoa, kwa sababu kusimama pale kulikuwa kunawapa heshima waliyoipoteza. Tulichofanya ni kuwahamishia kwa wazazi. Jumamosi jioni, watu kumi na tano hadi ishirini kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya kukodi, chai ya tangawizi. Pale maswali ni mengine: nitajuaje, nikimkuta na kete nifanyeje, nimfukuze au nimfungie. Kwa maswali hayo, mtu aliyewahi kufukuzwa na kufungiwa ana la kusema kuliko mimi na Sista. Kama mtaani kumebadilika kitu siwezi kudai, hatuna kipimo. Ninachoweza kusema ni kwamba wazazi walirudi kikao cha pili bila kulipwa nauli, na aliyewahi kuendesha mikutano Dar es Salaam anajua hilo lina maana gani.

Januari 2025

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya maendeleo kwa siku 90. Jumatatu ya tarehe 27 barua pepe ikafika kwetu kutoka kwa shirika kubwa: simamisheni shughuli zote zinazolipwa na mradi, mara moja. Waelimishaji rika sita walikuwa mtaani asubuhi ile. Katibu aliwapigia mmoja mmoja.

Wanne hawakurudi, wana watoto, wakatafuta vibarua Kariakoo na bandarini, na siwalaumu. Wawili waliendelea kuwafuatilia watu walioacha kwenda kunywa dawa, kwa miguu, mitaa ya karibu tu. Ofisi tuliiachia kodi ilipoisha, tukahamia chumba cha nyuma cha ofisi ya serikali ya mtaa, bure, kwa sababu mtendaji alikuwa ameziona zile Jumamosi za wazazi. Friji tuliiuza kwa muuza vyuma chakavu.

Kukatokea wazo la kuomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kufungua mradi wa sabuni ya maji kwa jina la kikundi. Nilipinga, na bado napinga. Mkopo hauna riba lakini unarudishwa, na kikundi kinachodaiwa kitaanza kuhesabu sabuni kabla ya kuhesabu watu. Vijana watano wakaunda kikundi chao, jina lao, akaunti yao. Huko wakifilisika, wanafilisika na ndoo zao.

Kwa mwezi matumizi yetu yote sasa ni chini ya kodi tuliyokuwa tunalipa. Wanachama wanachanga, na wazazi wachache wanatuma walicho nacho kwenye lipa namba. Kaunta buku ni mpya, ya kwaya mbili.

Na mweka hazina? Alianza methadoni Oktoba 2024, baada ya kusindikizwa mara mbili na kukimbia mara moja. Sasa anakunywa dozi yake asubuhi hospitali ya Temeke, kufika saa nne yuko ofisini. Zile 380,000 alimaliza kuzirejesha Juni. Yeye ndiye anayetunza daftari la funguo, na amepiga mistari yake kwa rula.

Kikao cha Agosti 2025 kilikuwa na ajenda nne, na ya nne ilikuwa barua yake: anaomba kurejeshwa miongoni mwa watia saini, kwa mujibu wa kipengele cha sita. Katibu akausoma ule ukurasa kwa sauti. Mwaka mmoja. Sista akauliza mwaka unahesabiwa tangu lini, tangu siku aliyoanguka au tangu siku aliyorudi? Tukautazama ukurasa. Haukusema. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyeuandika. Mwenyekiti akahesabu kwa vidole: tangu Machi, umeshapita; tangu Oktoba, bado miezi miwili. Mweka hazina mwenyewe akasema yeye anaona iwe tangu Oktoba, lakini tuliandike leo, kabla hatujamjua atakayefuata.